Kurekodi fidla nyumbani: maiki ya kondensa, ya utepe au ya dainamiki?

Mtu akiniuliza anunue maiki gani ya kurekodia fidla nyumbani, mimi humuuliza kwanza: dari ya chumba chako iko juu kiasi gani? Wengine hudhani nakwepa swali. Sikwepi. Mwimbaji sauti yake inatoka kinywani. Unamwekea maiki mbele, kazi inaanza. Fidla haina kinywa. Ubao wa mbele unatoa sauti, wa nyuma unatoa, mbavu zinatoa, na yale matundu mawili yaliyo kando ya kidaraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, yanapumua hewa ya tumboni. Sauti nene husambaa kila upande. Zile kali huchoma kuelekea ubao wa mbele unakotazama, na fidla ikiwa begani ubao huo unatazama juu. Ndiyo maana maiki inayosifiwa nyumbani kwa mwenzio inaweza kukukera kwako.

Nimekuwa nikirekodi fidla hapa Unguja kwa miaka kadhaa, nyingi za taarab, katika vyumba viwili visivyofanana hata kidogo. Kimoja ni cha nyumba ya mawe Mji Mkongwe: chembamba, kwa sababu upana wa vyumba vile uliamuliwa na urefu wa boriti, lakini kirefu na dari yake iko juu. Kingine ni cha nyumba ya tofali Ng'ambo, dari ya jipsamu, mita 2 na nusu. Ninayoyasema hapa yametoka kwenye vyumba hivyo viwili, na nina hakika msomaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Maskati atakiona chumba chake katika kimojawapo.

Taksimu moja, maiki tatu

Jioni moja nilizipanga maiki tatu pamoja, kondensa (ile inayohitaji umeme), utepe (yenye karatasi nyembamba ya aluminiamu ndani) na dainamiki (ile ya kawaida ya kumbi za harusi), zote umbali wa sentimita 60 kutoka kwenye fidla, zikirekodi kwa wakati mmoja ili pasiwe na kisingizio kwamba mara ya pili mpigaji alipiga vizuri zaidi. Mpigaji mwenyewe ni kijana mwenye mkono mzito wa upinde. Nikamwomba taksimu fupi, yaani kipande cha kubuni papo hapo, katika maqamu (mpangilio wa noti) ya Bayati, aanze chini, apande taratibu hadi uzi mwembamba, kisha ashuke.

Kwenye kondensa nilisikia kila kitu. Nilisikia rosini, ule utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde, ikikwaruza uzi upinde unapogeuka, nikasikia ncha ya kidole ikitua ubaoni, nikasikia hata kijana akivuta pumzi puani kabla ya kupanda. Sehemu za chini zilikuwa nzuri, karibu. Alipofika juu, sauti ikawa kama sindano. Nilijikuta napunguza spika bila kufikiri.

Utepe ulinipa fidla ileile ikiwa imekaa hatua chache mbele yangu, katika ukumbi wenye mapazia. Rosini ipo lakini haisemi. Uzi mwembamba ukawa mtamu, wa kuvutika. Kilichopungua ni ule mng'aro wa mwisho, ile hewa ya juu kabisa, na kwa kipande cha fidla peke yake nilimkosa kidogo mpigaji: nilisikia sauti yake, sikuuona mkono wake.

Dainamiki ilisikika puani. Si mbaya kama watu wanavyosema, ila ilikuwa kama fidla inayozungumza ndani ya kopo. Nitairudia, maana ina mahali pake.

Kama mambo yangeishia hapo ningesema: kondensa kwa anayetaka kila kitu, utepe kwa anayetaka utamu. Lakini jaribio hilo lilifanyika Mji Mkongwe, chini ya dari ya juu. Nilipolirudia Ng'ambo, matokeo yaligeuka. Ule utepe nilioupenda ukatoa fidla nyembamba, iliyokauka kifua. Nilifikiri umeharibika. Nilibadilisha waya, nikabadilisha tundu la intafesi (kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta), bure. Kosa lilikuwa juu ya kichwa changu.

Dari inavyokula kifua cha fidla

Hesabu yake ni rahisi, na ukiielewa utaokoa pesa nyingi. Chukua dari ya mita 2 na nusu. Mpigaji amesimama, fidla iko mita 1.5 kutoka sakafuni, na maiki umeining'iniza juu yake kwenye mita 2.2, kama picha nyingi za studio zinavyoonyesha. Sauti inayokwenda moja kwa moja inasafiri sentimita 70. Nyingine inaipita maiki, inagonga dari na kurudi: hiyo imesafiri sentimita 130. Tofauti ni sentimita 60. Sauti mbili zikipishana hivyo, ile ambayo nusu ya wimbi lake ni sentimita 60 hujiua yenyewe, na hiyo ni sauti ya hezi 286 hivi, yaani mitetemo 286 kwa sekunde. Sasa tazama: hewa iliyo tumboni mwa fidla nayo huvuma karibu na hezi 270 au 280. Ule uvumi ndio unaozipa nyuzi mbili nene, sol na re, kifua chao. Dari inakata palepale.

Hapa ndipo tofauti ya kweli kati ya kondensa na utepe inapoonekana, na haihusu utamu wala ukali. Kondensa nyingi za bei ya kawaida husikia mbele na kuziba sikio nyuma. Ukiitazamisha chini kwenye fidla, dari iko mgongoni mwake, kwa hiyo inayorudi kutoka darini inafifia. Maiki ya utepe kwa kawaida husikia nyuma sawasawa na inavyosikia mbele. Ile karatasi nyembamba ya aluminiamu inayoning'inia katikati ya sumaku haijui upepo umetoka upande gani. Ukiiweka juu, ikitazama chini, ujue umeiwekea fidla na dari kwa haki sawa.

Lakini utepe una ubavu wake usiosikia, na hiyo ndiyo siri yake. Mbele na nyuma unasikia. Kulia, kushoto, juu na chini karibu hausikii kabisa. Kwa hiyo kwenye chumba cha dari fupi usiuinue. Uteremshe mbele ya mpigaji, upande wa mkono wake wa upinde, juu kidogo tu ya usawa wa fidla, ukitazama karibu mlalo. Dari na sakafu zote mbili zitaangukia ubavuni. Mgongo wa maiki uelekeze kwenye kabati la nguo lililofunguliwa au kwenye urefu wa chumba. Nilipofanya hivyo kule Ng'ambo, kifua cha fidla kilirudi, na sikuwa nimegusa kitufe chochote cha programu.

Kwa mwenye kondensa, dawa ni nyepesi zaidi na haina gharama: mketishe mpigaji. Wapiga fidla wa taarab wamezoea kuketi jukwaani, hatalalamika. Akiketi, fidla inashuka hadi mita 1.15 hivi, maiki unaiweka mita 1.75, na ile sauti ya darini sasa inasafiri mita 2.1 huku ya moja kwa moja ikisafiri sentimita 60. Inafika ikiwa imechoka, haina nguvu ya kuua kitu. Kiti kisiwe cha magurudumu wala cha mbao iliyolegea. Kiti kinacholia kimeniharibia taksimu nzuri kuliko maiki yoyote mbovu.

Kondensa kubwa au kondensa ndogo

Kwa fidla, mimi nachagua ndogo, zile nyembamba kama kalamu nene. Kubwa zinazouzwa kwa wingi zimetengenezwa zikimfikiria mwimbaji. Zimeinuliwa kidogo kwenye sauti za juu ili maneno yasikike, na palipoinuliwa ndipo rosini na uzi mwembamba vinapokaa. Ndogo kwa kawaida hazina mwinuko mkubwa hivyo. Tena sauti inayoingia kwa pembeni haibadiliki rangi sana, jambo lenye uzito kwa chombo kinachoyumba na mwili wa mpigaji. Mpiga fidla akizama kwenye wimbo hatulii. Kwenye kondensa kubwa unasikia rangi ikibadilika kila anapoinama. Kwenye ndogo inabaki vilevile.

Wauzaji watakutajia mvumo wa ndani wa maiki, ule mchachato inaoutoa yenyewe. Rode NT1 inajulikana kwa ukimya wake, desibeli 4 na kitu. Audio-Technica AT2020 iko kwenye 20. Jozi ya Rode NT5, ambazo ni ndogo, ziko kwenye 16. Ukitazama karatasi utaona NT1 imeshinda kwa mbali. Ukitazama chumba chako utaona haina maana: nyumba ya kawaida mjini, hata usiku feni ikiwa imezimwa, ina kelele za desibeli 30 na zaidi, na fidla kwa umbali wa sentimita 60 hupiga 80 au hata 90. Mchachato wa 20 unazama chini ya kelele za chumba. Usilipie ukimya ambao mtaa wako hauna. Pesa hiyo nunulia stendi imara inayofika juu, maana stendi za bei ya chini hulala taratibu katikati ya wimbo na umbali wote unapotea.

Jambo moja kuhusu kondensa za bei ya chini sana. Niliwahi kuuziwa moja, pamoja na waya wa kuchomeka moja kwa moja kwenye tundu dogo la kompyuta, muuzaji akaniapia kwamba inatosha. Kondensa huhitaji umeme, na intafesi huupeleka kupitia waya wa maiki, volti 48. Tundu dogo la kompyuta haliwezi kutoa umeme huo. Maiki ilifanya kazi, ndiyo, lakini ilisikika kama inarekodi kutoka chumba cha jirani, na nilipoongeza sauti mchachato ulipanda pamoja nayo. Ukiwa na pesa ya maiki tu bila pesa ya intafesi, subiri.

Dainamiki, na kwa nini bado ninayo

Shure SM57 iko sokoni tangu 1965 na utaikuta karibu kila ukumbi wa harusi. Kwa fidla ina mambo mawili dhidi yake. La kwanza ni mwinuko wake karibu na hezi 5,000 na 6,000, na huko fidla haihitaji msaada. La pili ni uzito wa kusikia: inatoa umeme mdogo kuliko AT2020 kwa desibeli 19 hivi, kwa hiyo intafesi italazimika kusukuma. Kwa ngoma au spika ya gitaa husikii tofauti. Kwa fidla inayolia polepole, kwa umbali wa sentimita 60, utasukuma geini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki) hadi mwisho na mchachato wa intafesi yenyewe utaanza kujitokeza. Intafesi za zamani za bei ya chini huumia zaidi. Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu ina desibeli 56 za geini, ya kizazi cha nne ina 69, na tofauti hiyo unaisikia hasa kwenye dainamiki na kwenye utepe. Vipo vikopo vidogo vya kuongeza nguvu, kama FetHead na Cloudlifter, vinavyoongeza desibeli 25 hivi. Bei yake inakaribia ya maiki yenyewe, basi ipige hesabu kabla ya kusema dainamiki ni rahisi.

Ninayo bado kwa sababu ya mtaa. Chumba kikiwa kibovu kabisa, kuta tupu, bati juu, bodaboda nje, maiki inayosikia kidogo ni neema. Ilete sentimita 25, itazamishe mahali ubao wa vidole unapoishia, si kwenye kidaraja, na uupunguze ule mwinuko kwenye programu. Utapata fidla inayokubalika katikati ya kanuni, udi, akodiani na dumbaki. Ya peke yake usiitegemee.

Maiki za kubana kwenye mbavu za fidla, kama DPA 4099, ni nzuri kweli, lakini zilizaliwa kwa jukwaa na bei yake inazidi dola 500. Vibandiko vya kidarajani vinavyokwenda kwenye amplifaya ni vya shughuli tu: vinanasa mtikisiko wa mbao, havinasi hewa, na sauti yake ni ya plastiki. Simu, kwa kumtumia mwenzio wazo, hakuna ubaya. Programu zake za kawaida hupandisha na kushusha sauti zenyewe, na kwa fidla hilo linaua upinde wote.

Godoro dhidi ya sponji za ukutani

Watu hununua sponji za ukutani za sentimita 2 au 3, zile za vijipembe, wakabandika chumba kizima. Zinameza sauti za juu tu, za hezi 1,000 na kitu kwenda juu. Za katikati, ambazo ndizo mwili wa fidla, zinaachwa zirukeruke. Matokeo yake ni chumba chenye giza kwenye sauti za juu na mlio wa boksi kwenye za katikati, na fidla iliyorekodiwa humo hata utepe hauiokoi, kwa sababu utepe nao unapunguza juu. Giza juu ya giza.

Godoro la sentimita 15 hadi 20 lililosimamishwa nyuma ya mpigaji, na jingine pembeni ukilipata, linashuka chini zaidi kuliko sponji zote hizo. Na hapa fidla inatuonea huruma: uzi wake mnene, sol, ni hezi 196. Chini ya hapo haina kitu. Anayerekodi besi au ngoma anahangaika na miungurumo ya pembe za chumba. Wewe huna haja. Tena kwenye programu unaweza kukata kila kitu chini ya hezi 150 na fidla isipungue chochote: lori linalopita, mngurumo wa friji, na sehemu kubwa ya ule mvumo wa umeme wa hezi 50, vyote vinaondoka. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaotetemeka kama chuma, hamisha godoro, piga tena.

Chumba cha mawe kina faida ambayo godoro haliwezi kukupa. Chokaa isiyonyooka na boriti za darini huzitawanya sauti badala ya kuzirudisha kama kioo. Pale mimi huacha kuta wazi, natandika zulia nene chini ya kiti, basi. Kondensa ndogo mbili, mpigaji katikati ya urefu wa chumba, na fidla inapata uhai ambao hakuna programu ya mwangwi iliyowahi kunipa.

Karibu au mbali, moja au mbili

Sentimita 30 inakupa upinde. Sentimita 60 hadi 90 inakupa fidla. Zaidi ya mita 1 inakupa chumba, na uamue mwenyewe kama chumba chako kinastahili kusikika. Pale maiki inapotazama ni muhimu kama umbali: ikielekea kidaraja sauti inakuwa kali, ikielekea shingo inakuwa laini. Wapigaji wa mtindo wa Kiarabu wanaolegeza nyuzi mbili nyembamba zikawa sol-re-sol-re wana sauti ya upole zaidi kule juu, kwa hiyo kwao naisogeza maiki upande wa kidaraja bila woga. Kwa mpigaji wa sol-re-la-mi mwenye mkono mzito, nasogea shingoni.

Maiki mbili kwa fidla moja nazipendekeza pale tu fidla iko peke yake na chumba ni kizuri. Mpango wa ORTF, maiki kutengana sentimita 17 na kufunguka kwa pembe ya digrii 110, unanipendeza kuliko mwingine wowote. Fidla ikiwa ndani ya wimbo wenye vyombo vingi, moja inatosha, na ya pili inaleta ugomvi kwenye kumiksi.

Rekodi kwa biti 24, kilele kisizidi desibeli -10, maana fidla hupanda ghafla. Hedifoni, mpigaji aondoe upande wa kushoto, sikio lililo karibu na fidla. Asipojisikia mwenyewe, sauti itateleza nje ya maqamu na hakuna maiki itakayomsaidia. Ule upande ulioondolewa uugandamize kichwani, mdundo usivuje. Intafesi ikiwa inakula umeme wa kompyuta, chomoa chaja ya kompyuta na urekodi kwa betri: mvumo mwingi unaondoka palepale. Wakati wangu ni baada ya saa tano usiku. Kunguru wamelala, feni za majirani ziko mbali, na adhana ya alfajiri bado.

Unyevu wa pwani usiudharau. Kondensa ikilala nje ya kasha msimu wa masika huanza kupasuka-pasuka kama chumvi motoni. Iweke kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kufyonza unyevu. Utepe hauna shida hiyo sana, ila unaogopa upepo: utepe wenyewe una unene wa mikroni chache tu, na feni ya mezani iliyoelekezwa kwake inaweza kuuvuta ukalegea. Ufunike kila usipotumika.

Kwa pesa uliyo nayo

Bei hizi ni za maduka ya Marekani, huku ongeza usafiri na ushuru. Mwenye dola 100 hivi kwa ajili ya maiki achukue jozi ya kondensa ndogo za bei ya chini, kama Behringer C-2, badala ya AT2020 au SM57 moja ya bei hiyohiyo. Mchachato wake ni desibeli 19, karibu sawa na wa AT2020, na fidla itasikika fidla. Ila kama maiki hiyohiyo moja itarekodi na mwimbaji, basi AT2020, umketishe mpigaji na uisogeze shingoni. Mwenye dola 200 au 250 na intafesi yenye geini ya kutosha, na dari fupi, anunue utepe wa bei ya kati, auweke mlalo kama nilivyoeleza. Mwenye zaidi ya dola 400 na chumba cha kuheshimika, jozi ya NT5. Royer R-121, utepe ambao watu huuota, unazidi dola 1,000, na nakuambia kwa moyo mweupe: bila chumba hutasikia tofauti hiyo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walilazimika kuvuka bahari hadi Bombay ili sauti zao ziingie kwenye santuri. Wewe una chumba na kitanda chenye godoro, anzia hapo.

Kuna hali moja ambapo nageuza ushauri wangu wote. Taarab ya ukumbini inataka safu ya fidla, na nyumbani una mpigaji mmoja. Utamrekodi mara sita, mara nane, uzipange moja juu ya nyingine. Hapo kila kasoro inazidishwa mara nane. Ukali wa kondensa ambao katika fidla moja ulikuwa uhai, katika nane unakuwa nyigu. Rosini nane ni mvua. Kwa kazi hiyo utepe unashinda bila ubishi, hata wa bei ya chini, hata kwa aliyenunua NT5. Na kiti usikiache mahali pamoja, la sivyo chumba kilekile kitajichapa mara nane juu ya sauti. Mara mbili za kwanza akae sentimita 60 kutoka kwenye maiki. Mbili zinazofuata asogee nyuma nusu mita na ageuke kidogo kushoto. Zilizobaki, kama kuna fidla ya pili ya kuazima, abadilishe fidla. Na usimwambie apige sawasawa na alivyopiga mwanzo. Safu ya kweli haitui mahali pamoja kwa wakati mmoja, kila mmoja ana mkato wake kidogo. Mwache aupambe wimbo kila mara kama mkono unavyomtuma.